Namba Iliyokuwa Chini ya Mguu wa Meza

Shangazi yangu anafagia hata kompyuta. Msicheke kwanza, nitaeleza. Pale shuleni kila mtu anamwita Mama Fagio, kuanzia Mwalimu Mkuu mpaka mlinzi wa geti, kwa sababu saa moja asubuhi, kabla hajagusa kitu kingine, anafagia chumba cha kuchapia. Kona zote, mpaka nyuma ya kabati. Akimaliza anakaa kwenye kompyuta na huko nako anaanza: faili hili la nini, futa, folda hii ya nini, futa. Kitu kikikaa siku tatu bila kazi, kwake hiyo ni takataka.

Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotaka kumuua.

Shule yenyewe ni ya wanafunzi wasioona, na kazi ya Shangazi ni kuwachapia vitabu na mitihani kwa nukta nundu. Mashine yake ni kama printa, ila haina wino. Inapiga karatasi nene kwa visindano, inaacha vinundu, mwanafunzi anavisoma kwa vidole. Ni kongwe hiyo mashine, shule nyingine iliwapa baada ya kununua mpya, na kelele yake! Tatatata, tatatata, unaisikia mpaka bwenini. Wanafunzi wanasema hawahitaji kengele.

Ilipoletwa miaka mitano iliyopita, fundi wa kompyuta aliyeitwa kuiunganisha aliangalia akatikisa kichwa. Kompyuta ya shule inatumia Linux, ule mfumo wa bure. Programu ya kuendesha mashine za nukta ipo, imeshatengenezwa, unashusha pakiti, unaweka, kwisha. Ila kwa mashine hii ilikuwa inatuma kazi haraka mno, na mashine inameza nukta. Haigomi wala haitoi alama yoyote. Inameza kimya kimya. Na ikimeza nukta moja tu, saba inageuka sita. Fundi akasema, "Mama, hii mwekee maua juu, itapendeza."

Shangazi hakusomea kompyuta popote. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Lakini yule fundi alimuudhi! Akaanza kusoma mwenyewe, usomaji wa kuulizauliza tu mtandaoni, na akagundua kitu ambacho mpaka leo akikielezea anasimama: kwamba pakiti ni kama nguo ya dukani, imeshashonwa, unavaa ilivyo. Lakini watu walioiandika ile programu wameacha pia kitambaa na ramani yake, yaani chanzo, maandishi yote yalivyoandikwa na binadamu. Unaweza ukachukua chanzo, ukapunguza hapa, ukaongeza pale, halafu ukakikompaili, yaani ukaishona nguo mwenyewe kwa kipimo cha mwili wako.

Basi akashona. Ndani ya chanzo aliweka namba moja tu, ya kuiambia programu isubiri kidogo baada ya kila mstari. Ikiwa ndogo, mashine inameza nukta. Ikizidi, mashine inadhani kazi imekwisha, inatema karatasi nusu. Aliipata kwa siku tatu za kujaribu na Mwalimu Vidole, mhakiki wa nukta, ambaye yeye mwenyewe haoni. Shangazi anabadilisha namba, anachapa, Mwalimu Vidole anapapasa, anasema, "Bado imemeza, dada." Na kila jaribio alikuwa analitoboa kwenye karatasi yake, kwa kibao na kimsumari, zana zake za kuandikia nukta kwa mkono. Siku ya tatu akapapasa ukurasa mzima, akasema, "Sasa imeshiba."

Shangazi akaiweka programu kwenye mfumo. Halafu akafanya nini? Akafagia. Alifuta folda nzima ya chanzo pamoja na marekebisho yake, kwa sababu programu si inafanya kazi? Folda ya nini tena!

Miaka mitano ikapita. Namba ile hakuna aliyeikumbuka.

Sasa, siku ya mtihani wa taifa wa hisabati. Mimi sikuwepo, na hakuna picha hata moja, maana simu za wote zilifungiwa kwenye bahasha. Lakini nimesikiliza voice note za watu watatu wa shule waliokuwemo, za Shangazi peke yake ni kumi na saba, na zinakubaliana karibu kwa kila kitu isipokuwa nani alilia.

Utaratibu wao uko hivi. Mtihani unaletwa na msimamizi kutoka nje, ndani ya flashi iliyofungwa kwa lakiri. Saa mbili asubuhi lakiri inavunjwa mbele ya watu, mlango unafungwa, mtandao unakatwa, na aliyemo chumbani hatoki mpaka wanafunzi waanze kuandika saa nane mchana. Mle ndani walikuwa wanne: Shangazi, Mwalimu Vidole, msimamizi mwenyewe, ambaye ni mama mmoja mkavu mwenye ufunguo shingoni, na afisa wa kompyuta wa shule, kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita tu. Huyu Shangazi anamwita Bwana Pakiti. Kila tatizo kwake jibu ni pakiti.

Lakiri ikavunjwa. Shangazi akafungua mtihani, akabonyeza chapa.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kwenye kioo ukaja mstari mmoja mwekundu: programu imeshindwa kuanza, kipande fulani hakipo.

"Kijana," Shangazi akasema bila kugeuka. "Jana uligusa nini humu?"

"Hakuna kitu, mama. Nilisasisha tu."

"Nani alikwambia usasishe?"

"Mfumo wenyewe. Ulisema kuna pakiti mia mbili na kumi na nne zimezeeka."

"Na mimi nimezeeka. Utanisasisha?"

Mwalimu Vidole alicheka, halafu akaacha, kwa sababu alisikia Shangazi hacheki.

Ilikuwa hivi: programu ya Shangazi ilikuwa imeegemea kipande kingine cha mfumo, na jana kile kipande kimeondolewa kikawekwa kipya. Kama mtu kaegemea ukuta, ukuta ukahamishwa. Mfumo ungekuwa unaijua programu yake, usingethubutu kuondoa ule ukuta bila kuuliza. Lakini haukuijua. Shangazi aliiweka kwa mkono bila kuiandikisha popote. Bwana Pakiti hakuwa na namna ya kujua kwamba ipo.

"Tulia, mama," akasema. "Nina ghala zima la pakiti kwenye diski yangu. Toleo jipya la programu hiyo hiyo, dakika moja." Kweli, ikawa dakika moja. Programu ikafunguka vizuri kabisa, inang'aa, halafu ikasema mashine hii haiitambui. Mashine za zamani zimeondolewa kwenye orodha.

"Basi weka toleo la zamani."

Bwana Pakiti akaifungua orodha ya diski, akaifunga. "Ghala nalo nililisasisha."

Msimamizi alikuwa anafuatilia. Akatoa fomu kwenye mkoba wake, akailaza mezani, akaweka kalamu juu yake.

"Sijakuja kuwatisha," akasema. "Lakini utaratibu ni huu. Saa saba kamili nikiona mashine haichapi, najaza hapa kwamba karatasi hazikupatikana. Watahiniwa wote kumi na mmoja wanaandikwa hawakufanya."

"Si wasomewe kwa mdomo?" Bwana Pakiti akauliza.

"Hisabati?" Mwalimu Vidole akamgeukia. "Nikusomee mimi sehemu juu ya sehemu ndani ya mabano, halafu ukokotoe kichwani. Tuanze na wewe?"

Kijana akairudia diski yake.

Sasa hesabu ya muda. Mtihani una karatasi kumi na mbili, watahiniwa kumi na mmoja, hizo ni karatasi mia na thelathini na mbili, na mashine inatoa moja kila nusu dakika. Saa moja na dakika sita, bila kukwama hata mara moja. Na ile kompyuta ya kizee, kukompaili programu nzima kunachukua karibu saa tatu.

Shangazi akavuta droo, akatoa sidii yenye chanzo kilivyokuja zamani, kabla hajakirekebisha, kitu pekee ambacho fagio lake halikukifikia. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Utaanzaje bila namba?" Bwana Pakiti akamuuliza. "Si itabidi urudie yote?"

"Wewe bandika maji. Majani tutayatafuta yakichemka."

Akaandika amri, akabonyeza, mistari ikaanza kupanda kwenye kioo. Feni ya kompyuta ikanguruma. Akamgeukia Mwalimu Vidole.

"Mwalimu. Ile karatasi yako ya siku zile tatu."

"Ninayo."

"Una uhakika?"

"Fagio, mimi situpi kitu. Mwaka wa tano huu unanisema kona yangu ni jalala. Leo jalala litakulisha."

Kona yake ni maboksi saba, yote yamejaa karatasi zenye nukta. Akakaa sakafuni akaanza kupapasa moja moja. Barua. Orodha ya darasa. Mashairi aliyotunga yeye mwenyewe, aliyoyapita haraka. Hakuna wa kumsaidia, maana Shangazi anajua nukta kwa macho lakini polepole, na zile zilikuwa za miaka mingi, zimepauka, kwa macho unaona karatasi nyeupe tu. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu.

Nje, kwenye korido, watahiniwa walianza kukusanyika. Hawakuitwa. Siku zote za mtihani, mashine inaanza kupiga saa mbili na dakika chache, na leo walikuwa wamesubiri ile tatatata mpaka chai ikapoa. Kimya ndicho kilichowaleta. Wakakaa chini kando ya ukuta, kumi na mmoja, wanasikiliza. Kuna binti mmoja wanamwita Profesa, anataka kusomea hesabu na hakuna asiyejua. Akasogea mlangoni.

"Mama Fagio? Mashine inaumwa?"

Shangazi hakuruhusiwa kumjibu. Msimamizi alimwangalia, akainua kidole. Hapo ndipo, kwa mujibu wa Mwalimu Vidole, Shangazi alilia. Shangazi anasema ni vumbi la maboksi.

Saa tano na dakika arobaini feni ikanyamaza.

Wote waligeuka. Kioo kimesimama. Mistari haipandi, na wa mwisho unasema kosa.

"Kuna faili inalitafuta na hailipati," Shangazi akasoma, sauti imeshuka. "Zamani nililishusha mtandaoni, ilinichukua siku nzima."

Bwana Pakiti akainama, akasoma ule mstari mara mbili. Uso ukafunguka. "Mama, hiyo ipo kwenye pakiti! Pakiti ya wajenzi wa programu, ninayo kwenye diski!" Akaandika amri yake moja, akahesabu kwa vidole, moja mbili tatu nne. "Tayari. Endelea."

Shangazi akaandika tena make, ile amri ya kukompaili, na mistari ikaanza kupanda, si kutoka mwanzo bali pale pale ilipokatikia. Akamgonga kijana begani. "Leo pakiti yako imenifaa," akasema. Kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Lakini kwenye kona kulikuwa kumetulia.

"Dada," Mwalimu Vidole akaita. Boksi la saba lilikuwa tupu mbele yake. "Karatasi za mwaka ule hazimo. Zilikuwa boksi la tatu, juu. Nimefika boksi la tatu, ya juu ni ya mwaka uliofuata, nikadhani zimehamia lingine, hazimo. Kuna mtu kachukua."

"Nani atachukua karatasi zako?"

"Mtu anayeona karatasi nyeupe akadhani haina kitu."

Shangazi akaacha kutazama maboksi. Akaangalia chini, pole pole, kwenye meza ya mashine. Ile meza ilikuwa inatikisika tangu zamani, na mwaka jana alichoka nayo. Alichukua karatasi mbili tatu nene, akazikunja mara nne, akazisukuma chini ya mguu. Meza ikatulia. Alijisifu wiki nzima.

Mashine ina uzito wa mtu mzima.

"Kijana," akasema, "shika meza. Inua."

Wakainua, yeye na Bwana Pakiti, na msimamizi, yule mama mkavu, akaacha kiti chake akashika kona ya tatu. Mwalimu Vidole akaingiza mkono, akavuta. Akakunjua. Akaanza kupapasa. Kwenye mkunjo nukta zilikuwa zimelazwa kabisa, kama hazijawahi kutobolewa.

"Ni yenyewe," akasema. "Hapa, arobaini, imemeza. Hapa, mia, imetema nusu. Hapa themanini, imetema nusu." Vidole vikashuka. "Hii ya mwisho. Imeshiba." Vikasimama. Vikarudi. Akalamba kidole cha shahada, akajaribu tena, halafu akajaribu kwa cha mkono wa kushoto.

"Sema, mwalimu."

"Sitini. Au sabini. Nasikia sitini, lakini pembeni ya ile sita kuna mahali pamekwaruzika. Inaweza kuwa nukta iliyolala. Sina hakika, Fagio. Mguu wako wa meza umekaa juu yake."

Hapo saa ilikuwa sita na dakika kumi. Kompyuta ikamaliza kukompaili saa sita na robo.

"Tufuate vidole," Shangazi akasema. Akafungua chanzo, akaweka sitini, make tena, akachapa karatasi moja, ile yenye maumbo na pembe, ngumu kuliko zote. Tatatata! Nje kwenye korido watoto wakapiga makofi. Mle ndani hakuna aliyepiga. Mwalimu Vidole alisoma kwa sauti ndogo na Shangazi akifuata kwenye kioo.

"Swali la saba. Sawa. Swali la nane. Sawa. Swali la tisa, pembe ya nyuzi sitini na moja..."

"Rudia."

"Sitini na moja."

Kwenye kioo ilikuwa sabini na moja. Mashine imemeza.

Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na nne. Bwana Pakiti akakaa chini. "Kwa hiyo ni sabini. Lakini mama, kukompaili upya, saa tatu..." Hakumaliza. Msimamizi alikuwa amerudi kwenye kiti chake, mkono juu ya kalamu.

Na Shangazi, anasema mwenyewe, alitaka kucheka. "Mwanangu, hukuona sasa hivi? Sitini nimeiweka saa ngapi?"

Kijana akaangalia saa ya ukutani.

"Make haishoni nguo upya. Inaangalia kipande gani kimeguswa, inashona hicho hicho. Nimegusa faili moja." Huku anaongea, vidole vyake vinafuta sita, vinaweka saba. Akabonyeza. Sekunde arobaini, alizihesabu kwa sauti Mwalimu Vidole. Karatasi ikatoka ya moto moto.

"Swali la saba, sawa. La nane, sawa. La tisa." Akapapasa mara moja. Akapapasa mara ya pili, taratibu. "Sabini na moja. La kumi, sawa." Akaendelea mpaka chini kabisa, kila nukta, wala Shangazi hakumharakisha, ingawa saa ya ukutani ilikuwa inamchoma mgongoni.

"Imeshiba," akasema.

Saa sita na dakika arobaini na tano mashine ikaanza. Tatatata, tatatata. Saa saba kamili msimamizi akainuka, akasikiliza, akaikunja fomu akairudisha kwenye mkoba. Akaenda kushika ule upande wa meza, maana bila zile karatasi ilikuwa inatikisika, na akaushika mpaka karatasi ya mia na thelathini na mbili. Ilitoka saa nane kasoro dakika tisa.

Walipofunguliwa mlango, wanafunzi wakiwa wameshaanza kuandika, nilidhani walienda kula. Wapi! Shangazi na Bwana Pakiti walibaki kwenye kompyuta, kichwa kwa kichwa. Kijana alimwonyesha namna ya kuitia programu yake ndani ya pakiti ya kwake mwenyewe, yenye jina, iliyoandikishwa kwenye mfumo na kufungwa, ili mtu akija kusasisha, mfumo umwambie hii usiguse, na huu ukuta ni wake. Shangazi naye akamwonyesha ile namba inakaa mstari gani. Chanzo wamekihifadhi mahali patatu. Mwalimu Vidole akatoboa karatasi mpya, akaiweka boksi la tatu, juu, akamwambia Shangazi kuanzia leo fagio lake mwisho pale kwenye ubao wa sakafu uliopasuka, mpaka wa kona yake.

Saa kumi na nusu mtihani ukaisha. Profesa akaja akipapasa ukuta mpaka mlangoni.

"Mama Fagio, swali la tisa ile pembe ilikuwa sabini na moja, eti? Wenzangu wanabishana."

"Sabini na moja," Shangazi akasema.

"Nilijua! Ingekuwa namba nyingine jibu lingekataa."

Akaondoka akiimba. Na shangazi yangu, Mama Fagio, ambaye sijawahi kumwona hata akikaa kwenye kiti bila kukifuta kwanza, alikaa chini sakafuni katikati ya maboksi saba yaliyomwagwa, kwenye vumbi lote lile, na hakunyanyuka mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Meza bado inatikisika. Anasema iache itikisike.